Karo ya Mwinjilisti Wetu: Wito wa Harambee

Wapendwa katika Bwana,

Mwinjilisti wetu kijana amepata nafasi katika chuo cha theolojia, na karo hana. Mnamfahamu: ndiye anayefungua milango ya kanisa kabla hatujafika, na kwenye msiba ndiye anayekesha na wafiwa. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo. Kamati ilitaka kusimulia hapa utoto wake wote, maana tunajua machozi hulegeza mifuko. Akakataa. "Nisaidieni, ila msinianike." Tumemheshimu. Basi tutawapa habari za mtoto mwingine, aliyeandika mambo yake kwa mkono wake mwenyewe.

Jina lake Ajayi. Mwaka 1821, akiwa na miaka kama 12, wavamizi waliteketeza mji wao wa Osogun katika nchi ya Wayoruba, Nigeria ya leo, wakawachukua mateka yeye na mama yake. Wakatenganishwa. Aliuzwa tena na tena, safari moja akabadilishwa na farasi, hadi akatiwa katika meli ya Wareno. Mwezi Aprili 1822 wanamaji wa Uingereza waliikamata meli ile, na Ajayi akashushwa Freetown, Sierra Leone.

Sasa tulieni hapo kidogo. Mtoto yule alipokelewa na shule ya Church Missionary Society, shirika lililoendeshwa kwa sadaka za waumini wa kawaida. Wengi wao hawakumwona hata siku moja. Baada ya miezi sita hivi alikuwa akisoma Agano Jipya. Akajifunza na useremala. Alibatizwa mwaka 1825 kwa jina la Samuel Crowther, na mwaka 1827 akawa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Akawekewa mikono ya uchungaji London mwaka 1843, na mwaka 1864 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kanisa la Anglikana. Biblia ya Kiyoruba ina jasho lake jingi.

Lakini sisi kwenye kamati tuliguswa zaidi na jambo la mwaka 1846. Huko Abeokuta, katika nchi ile ile ya Wayoruba, alikutana tena na mama yake, miaka 25 tangu watenganishwe. Miaka miwili baadaye mama akabatizwa, akaitwa Hana. Waliosoma Samweli wa Kwanza wanajua kwa nini: Hana ndiye mama yake Samweli.

Hatuwaahidi askofu. Tunawaahidi risiti: fedha zitalipwa moja kwa moja chuoni, na mhazini atasoma hesabu mbele ya washarika kila muhula. Tunachohitaji ni karo, malazi na vitabu kwa miaka mitatu. Tuseme ukweli, tumewahi kumpeleka kijana mwingine kwa shangwe na vigelegele, na mwaka wa pili akarudi nyumbani kwa sababu ahadi zetu zilikuwa zimepoa. Kosa lilikuwa letu. Kwa hiyo safari hii tunaomba zaidi ahadi ndogo ya kila mwezi, ile utakayoiweza hata mwezi mgumu, kuliko kitita cha siku moja.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mara baada ya ibada ya pili. Bahasha ziko kwa mhazini na kwa viongozi wa jumuiya. Usiyependa jina lako lisomwe, chora msalaba mdogo nyuma ya bahasha. Halitasomwa.