Jiko la mkaa lisiletwe sebuleni

Mhariri,

Hapa Kigoma vijana wameupenda mlo wa Kikorea wa kuchoma nyama mezani, nami naupenda mno. Nyama ya tumbo la nguruwe, samgyeopsal, hukatwa kwa mkasi ikiwa bado juu ya moto, kisha kila mtu anaifunga kwenye jani la saladi pamoja na kitunguu saumu na kuitia yote mdomoni. Nyumbani kwangu tunachoma samaki aina ya migebuka, wabichi kutoka mwalo wa Kibirizi. Wananoga!

Ninachokiogopa ni mkaa. Usiku mmoja wa mvua jirani zangu walifunga madirisha, jiko likiwa katikati ya meza. Watoto walipoanza kulalamika vichwa vinauma, tuliwatoa nje wote. Migahawa ya Seoul inayochoma kwa mkaa huwa na bomba la kufyonza hewa juu ya meza. Sebule zetu hazina. Na mkaa uliokolea, hata usipofuka moshi, bado unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, nayo inaua.

Kwa supu ya Kikorea inayochemkia mezani, jiko dogo la gesi lenye kimtungi chake pembeni lafaa, dirisha likiwa wazi. Ila sufuria isiwe pana hadi kufunika upande wa kimtungi hicho: joto likirudi chini, kinaweza kulipuka.

Naomba wauza majiko wawaambie wateja haya kabla ya kupokea pesa, na gazeti lako liyaandike kwenye ukurasa wa mapishi.

Mama lishe,
Ujiji, Kigoma