Je, nimweleze binti huyu ukweli wa ndoa yangu?

Kwako Shangazi,

Mimi ni mwanamke niliyepita umri wa miaka 50, mkazi wa Nairobi upande wa Eastlands, mke wa mzee wa kanisa na kiongozi wa kikundi kidogo cha wanawake wanaosoma vitabu pamoja baada ya ibada ya Jumapili. Nakuandikia kwa sababu kitabu tulichokisoma kimeniingiza katika jambo ambalo siwezi kulipeleka kwa mchungaji wetu, ambaye ni kijana na anamheshimu mume wangu kama baba yake mzazi, wala kwa dada zangu, ambao hawajui lolote.

Kitabu chenyewe ni riwaya ya mapenzi ya Kikristo iliyoandikwa kwa Kiingereza, mojawapo ya zile zinazotandazwa kando ya barabara za katikati ya jiji na wauzaji wa vitabu vilivyokwisha kusomwa. Aliyesoma moja anajua mkondo wa nyingi. Hadithi inatokea Marekani ya karne ya 19. Mwanamume amefiwa na mkewe na ana watoto wadogo na shamba. Mwanamke amekwama ugenini bila jamaa wala nauli. Mhubiri anawafungisha ndoa, nao wanakubaliana kwamba kila mmoja atalala chumba chake. Baridi kali inapita, mtoto anashikwa na homa, wawili hao wanakesha wakiomba, na kufikia kurasa za mwisho wanapendana kuliko watu waliochumbiana kwa miaka.

Sizidharau riwaya hizi. Zina adabu, na zinakiri jambo ambalo semina zetu za ndoa hulikwepa, yaani kwamba watu wengi huoana kwa sababu kuna kitu wanachokihitaji. Tena haja zinazosimuliwa humo hazikuwa za kubuni tu: sheria ya mashamba ya Marekani ya mwaka 1862 iliwapa walowezi ekari 160 kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka 5, na mtu aliyeachiwa watoto wachanga asingeweza kulitimiza sharti hilo peke yake bila taabu kubwa. Ninachozilaumu ni kwamba wahusika wake hawana watu. Marehemu mke ana kaburi kilimani, lakini hana mama anayekuja kila Krismasi kuwaona wajukuu na kukagua sufuria zilizobadilishwa, hana dada wanaouliza picha ya ukutani imehamishiwa wapi, wala hana kaka zake wanaotaka kujua kama mahari yake ilimalizwa. Watoto nao humwita mgeni mama kabla kitabu hakijafika nusu.

Katika kikundi chetu yumo binti wa miaka 20 na kitu, mwalimu wa chekechea, mcha Mungu na mwenye akili, ambaye amefiwa na wazazi wote wawili na anamsomesha mdogo wake kwa mshahara usiotosha hata kodi ya nyumba. Mwanamume mmoja wa kanisani, mjane mwenye watoto wawili na duka lake la vifaa vya ujenzi, amemwomba wafunge ndoa. Amemwambia waziwazi kwamba bado anamlilia mkewe na kwamba hawezi kumwahidi mapenzi, ila anamwahidi nyumba, karo ya mdogo wake na heshima. Simlaumu mtu huyo, kwa kuwa ni wachache wanaoposa kwa ukweli kama huo. Lakini binti anataka kukubali, na sababu anayoitaja ni kitabu. Anasema kimemwonyesha kwamba mtu akitii, Mungu huutia upendo baadaye.

Alipokuja kwangu nilimweleza yale niliyoweza kuyaeleza bila kujitaja. Nilimwambia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari, na kwamba ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja, hivyo si mkataba wa kujaribiwa. Nilimweleza pia kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inawaruhusu wachumba kupatana kuhusu mali kabla ya harusi, tena inahesabu kulea watoto, kazi za nyumbani na hata kule kuwa mwandani wa mwenzako kuwa mchango; ila Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba hakuna anayepewa nusu moja kwa moja, kila mmoja huonyesha alichochangia. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mama, mimi sikuulizi habari ya mali. Nakuuliza kama upendo huja. Wewe na Baba mlianza vipi?"

Hapo ndipo nilipokwama, Shangazi, kwa maana hakuna mtu katika kanisa letu anayejua kwamba ndoa yangu ilikuwa ya namna ileile. Mume wangu alifiwa akaachiwa wavulana wawili. Mimi nilikuwa na binti niliyemzaa kabla ya ndoa, na katika boma la wazazi wangu nilikuwa nimeanza kuonekana mzigo. Tulikaa mezani mbele ya mchungaji wa wakati huo, ambaye sasa ni marehemu, tukasemezana bila kupamba maneno: yeye alihitaji mama wa watoto wake, mimi nilihitaji paa na baba wa mwanangu. Matangazo yakasomwa kanisani, tukafunga ndoa, na watu wakapiga vigelegele kama kawaida.

Ukiniuliza kama tulifanya vibaya, nitakujibu hapana. Mwanangu hakuwahi kukosa karo, na mume wangu hajawahi kutofautisha kati yake na wavulana, hata kwa viatu vya shule. Ninapougua yeye hupika, na ninapoingia sebuleni hupunguza sauti ya redio kabla sijasema neno. Ni mtu ambaye ningemtafuta wa kwanza nikipata habari njema, na pia nikipata mbaya. Lakini ile siku inayosimuliwa katika riwaya, mwanamke anapoinua macho na kugundua kwamba anapenda na anapendwa, mimi sijaiona, nami nimekwisha kuacha kuingoja. Huenda tulichonacho ndicho upendo wenyewe, na huenda ni heshima iliyokomaa. Mchana ninaamini la kwanza, usiku mwingine ninaamini la pili.

Waandishi wa riwaya hizi hupenda kumtaja Isaka, ambaye katika Mwanzo sura ya 24 anamtwaa Rebeka kwanza, halafu ndipo tunaambiwa kwamba akampenda. Sijasoma hata mmoja anayemtaja Lea, ambaye sura chache mbele anazaa Reubeni akitumaini kwamba sasa mumewe atampenda, anazaa Simeoni na Lawi bado akingoja, na anapomzaa Yuda anamsifu Bwana tu, bila kutaja mume. Ndoa zote mbili zilipangwa na wakubwa, na zote mbili zimo katika Biblia moja. Binti huyu ameonyeshwa ya Rebeka peke yake.

Nilimwuliza mume wangu kama ananiruhusu kumweleza binti jinsi tulivyoanza. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwamba habari hiyo ni ya watu wawili na nusu yake si yangu kuigawa. Hakukasirika. Alichoongeza ndicho kinachonizuia kulala: kwamba wavulana wetu, ambao sasa ni watu wazima, wanaamini nilikuja kwa sababu nilimpenda baba yao, na kwamba siku watakaposikia vingine wanaweza kudhani nililetwa nyumbani kuwa yaya. Najua anawaogopea watoto, na nadhani anajiogopea pia, kwa kuwa wanaume wengi wa kanisani humwendea kutafuta ushauri wa ndoa. Nami ninamwogopea mwanangu, ambaye sijui angejiona nani katika mapatano yale.

Hata hivyo, kunyamaza kwangu nako kunasema jambo. Binti huyu anatuona tukiingia kanisani pamoja, anaona jinsi tunavyotunzana, na anajiambia kwamba sisi ni mfano wa wale waliopendana tangu mwanzo. Akikubali posa hii kwa tumaini la ukurasa wa mwisho, ataingia katika nyumba ya mtu mwema akiwa na deni moyoni ambalo mwenzake hakuahidi kulilipa. Akikataa kwa sababu nimemtisha, huenda nikamnyima nyumba ambayo mimi mwenyewe nisingekubali kuiacha. Tena sitaki kumdanganya kwa upande mwingine, nikamfanya aamini kwamba ndoa ya namna hii ni baridi tupu, kwa maana yangu si baridi.

Kuna wanaonishauri, bila kujua kiini cha jambo, kwamba nimpeleke kwa mshauri wa ndoa niondokane na mzigo. Ningefanya hivyo, ila alichouliza hakimhusu mshauri, kinanihusu mimi. Nimefikiria pia kumsimulia kana kwamba ni habari za rafiki yangu, lakini yeye si mtoto, na nadhani angenitambua kabla sijamaliza sentensi ya pili.

Mwanamume huyo anataka matangazo ya ndoa yaanze kusomwa mwezi ujao, na binti ameahidi kumpa jibu kabla ya hapo. Je, ninayo haki ya kumweleza sehemu yangu peke yangu, yaani nilichohitaji mimi na nilichopata, nikiacha sababu za mume wangu bila kuzigusa, au habari ya namna hii haigawanyiki? Na kama unaona kwamba yafaa nimwambie, je, tuanze kwa kuwaketisha watoto wetu watatu ili walisikie jambo hili kwetu kwanza, na nimshawishije mume ambaye amekwisha kunijibu kwa upole kwamba hataki?

Wako,
Mke wa mzee wa kanisa, Nairobi