Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: Kipupwe kisisubiri tarehe 21 Juni

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kama mkazi wa Tanga na mwalimu wa jiografia, kuhusu dai ambalo kila inapokaribia tarehe 21 Juni husambaa kwenye simu zetu, na ambalo limeanza kuingia hata katika vijitabu vya mazoezi vya wanafunzi: kwamba siku hiyo, jua linapofika mwisho wa safari yake ya kaskazini juu ya Tropiki ya Kansa, ndipo majira ya baridi yanapoanza rasmi katika nusu ya kusini ya dunia, sisi tukiwemo. Naomba Mamlaka yako iseme waziwazi kwamba sivyo.

Sina ugomvi na solistasi yenyewe, yaani hiyo siku ambayo jua hufika mwisho wa safari yake. Ni tukio la kweli, linalotokana na mhimili wa dunia kuinama kwa nyuzi 23.4, na mtoto wa shule anapaswa kulijua. Ninalolikataa ni kuligeuza kuwa mlango wa msimu. Mchana wa siku hiyo hapa Tanga huchukua takriban saa 11 na dakika 50, na mchana mrefu kuliko yote, ule wa Desemba, huuzidi kwa dakika 35 hivi tu, ilhali London tofauti hiyo hukaribia saa 9. Jua la adhuhuri nalo hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Badiliko dogo kiasi hicho la urefu wa mchana haliwezi peke yake kumfanya mtu wa Ngamiani atafute sweta.

Kinachotuletea ubaridi hasa ni upepo. Kusi huanza kushika mwezi Aprili, pamoja na masika, na mvua zinapopungua huendelea kuvuma kwa nguvu kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi, likituletea hewa iliyopoa. Mvuvi wa Sahare anayepima kama chombo chake kitoke au kisitoke hahitaji kutajiwa tarehe, na huko juu Lushoto, ifikapo solistasi, makoti yamekwisha kutolewa kabatini. Bahari nayo hupoa polepole, kwa hiyo Julai na Agosti huwa na ubaridi zaidi kuliko Juni ingawa mchana umekwisha kuanza kurefuka. Tarehe 21 haiangukii mwanzo wa kipupwe wala kilele chake.

Wapo watakaosema kwamba hivyo ndivyo dunia inavyohesabu. Haihesabu hivyo. Kalenda nyingi za Marekani huanzisha baridi kwenye solistasi ya Desemba, lakini wataalamu wa hali ya hewa wa nchi hiyo hiyo huhesabu miezi kamili, Desemba hadi Februari, ili takwimu za mwaka mmoja zilinganishwe kwa urahisi na za mwingine. Australia huanza baridi yake tarehe 1 Juni. Walionivutia zaidi ni Waswidi, ambao idara yao ya hali ya hewa huhesabu kuwa baridi imeingia mahali fulani pale wastani wa joto wa siku unapokuwa nyuzi sifuri au chini yake kwa siku 5 mfululizo, kwa hiyo kaskazini mwa nchi huweza kuwa katika baridi wiki nyingi kabla ya kusini. Utaratibu huo ndio unaokaribiana na wa wazee wetu wa pwani, walioujua mwaka kwa kaskazi, masika, kusi, kipupwe na vuli, wakifuata upepo na mvua.

Mamlaka yako tayari hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa miezi ya Juni hadi Agosti. Ninachoomba ni kwamba taarifa hiyo iambatane na aya moja ya Kiswahili chepesi inayotenganisha tukio hilo la anga na msimu wenyewe, na kwamba ifike shuleni na kwenye redio za mkoani kabla ya Juni. Ikiwezekana, kumbukumbu za kituo chenu cha Tanga zitumike pia kutueleza kipupwe cha pwani huingia lini kwa kawaida, maana nashuku kwamba hata tarehe 1 Juni imewekwa kwa ajili ya wepesi wa hesabu tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa jiografia,
Tanga.