Jezi mmetuuzia, mpira uko wapi?

Ndugu Mhariri,

Nina kibanda cha kubandika majina na namba kwenye jezi hapa Majengo, Dodoma. Jina la klabu yangu silitaji. Nusu ya wateja wangu ni wa upande huu wa Kariakoo na nusu ni wa upande ule, na siku watakayojua mimi ni wa wapi, nusu moja itahamia kwa jirani. Itoshe kusema ni moja ya zile mbili za Kariakoo, Dar es Salaam, Yanga ya 1935 au Simba ya 1936, kadi ya uanachama ninayo na ada nimelipa. Viongozi wangu watajijua. Na wa upande wa pili wakihisi wamesemwa wao, hiyo nayo si bahati mbaya.

Msimu huu timu ilipokuja kucheza Uwanja wa Jamhuri nilifunga kibanda saa sita mchana, nikaenda kupanga foleni. Nilikaa mzunguko, kwenye majukwaa ya watu wa kawaida, juani, na wasomaji wa Dodoma wanajua jua letu likishirikiana na upepo wenye vumbi linakuwaje. Hayo sikuyajali. Tulipata penalti kipindi cha kwanza, tukafunga, tukaimba. Baada ya hapo sijui niite nini tulichokitazama. Beki wa kati anampa beki mwenzake, mwenzake anamrudishia kipa, kipa anazubaa na mpira mpaka akimbiliwe, kisha anabutua, wenyeji wanarusha. Inaanza upya. Dakika ya sabini na kitu, winga mmoja tu aliyekuwa anathubutu kumkabili beki akatolewa, akaingia beki wa tatu wa kati. Dakika chache baadaye kipa akalala chini, misuli imembana. Imembana kwa kukimbia kwenda wapi? Muuza karanga aliyekuwa amesimama ngazi ya chini yangu, ambaye siku hiyo hakuwa shabiki wa mtu, aligeuka akauliza, "Jamani, hawa mmewaleta kucheza au kulinda ghala?" Watu wa jukwaa letu wakacheka, mimi nikiwemo, na nimevaa jezi yao.

Jioni ile msemaji wa klabu akatuambia redioni kwamba pointi tatu ndizo muhimu, na asiyefurahi akashabikie ngumi.

Nimeshindwa kumwelewa. Wenyeji wetu siku ile walikuwa wanapigania wasishuke daraja, kikosi chao chote sidhani kama kinapokea kwa mwezi kile anachopokea mshambuliaji wetu mmoja wa kigeni. Kama kwa timu ile tunapaki basi, yaani tunajazana nyuma kulinda goli, tukikutana na klabu za Waarabu kwenye mashindano ya Afrika ya CAF tutapaki nini? Timu haiwezi kujifunza kushambulia ndani ya ndege ikielekea Cairo. Tumeona mwaka 2023 na tena 2025: klabu zetu hizi mbili, kila moja kwa zamu yake, zilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na zote zikarudi bila kombe. Fainali moja nililia, nyingine nilicheka, na ipi ni ipi sisemi. Lakini zote mbili zinaonyesha kwamba uwezo wa kufika upo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba sisi mashabiki wa mikoani tunaota ndoto za mchana tunapodai mpira.

Wengi wanamtukana kocha. Mimi simtukani, na sababu nimeiona kwenye meza yangu ya kazi.

Kila dirisha la usajili likifunguliwa napata wateja. Anashuka mchezaji uwanja wa ndege usiku, amefunikwa bendera, watu wanampokea kwa ngoma, picha zinasambaa, na asubuhi kijana wa bodaboda yuko mlangoni kwangu: "Mama Jezi, niwekee jina la huyu na namba yake." Nakata herufi, nazipanga mgongoni, nazipiga pasi ya moto, anaondoka anachekelea. Dirisha dogo likifika yule yule anarudi. Mchezaji ametolewa kwa mkopo, au mkataba umevunjwa "kwa makubaliano ya pande zote mbili", na msemaji anamtakia kila la heri. Sasa mteja anataka jina litoke. Kutoa ni kazi kuliko kuweka. Napasha moto mgongo wa jezi, nakamata ncha ya herufi kwa koleo, navuta polepole isije ikang'oka na kitambaa, kisha nasugua gundi kwa thina. Hata nikifanya kwa ustadi wote, alama ya jina inabaki, maana kitambaa chote kimepauka kwa jua isipokuwa pale palipokuwa na herufi. Hapa Dodoma zimo jezi zenye jina la mchezaji wa tatu, na ukiinamisha kichwa mwangani unawasoma wote.

Siku hizi wateja wamekuwa wajanja. Anakuja na jezi mpya, namuuliza jina la nani, ananiambia weka langu. Baba Neema. Mama Kulwa. Wengine wanaandika jina la kata: Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota. Kibiashara sina neno, herufi ni herufi. Lakini kama ningekuwa kiongozi wa klabu, habari hiyo ingeninyima usingizi kuliko sare mbili mfululizo. Mwanachama wako haamini tena kwamba mchezaji uliyemsajili mwezi wa nane atakuwepo mwezi wa pili.

(Kuna atakayeuliza kama jezi zote ninazobandika ni halisi. Mteja akileta nabandika, risiti siulizi.)

Sasa rudi kwa kocha. Kama wachezaji wanabadilishwa hivyo, wanasajiliwa na nani? Mara ngapi tumesikia kocha mpya akisema kwa adabu kwamba kikosi amekikuta? Anakuja Oktoba, anakuta wachezaji waliochaguliwa Julai na watu wa ofisini, wengine wanacheza nafasi moja, nafasi nyingine haina mtu. Anajua aliyemtangulia alifungashiwa virago kwa sare moja na kipigo kimoja. Mtu wa namna hiyo atakwambia vijana washambulie? Atakwambia tusifungwe kwanza, mshahara uingie. Atajaza viungo wakabaji, atamtoa winga. Ule mpira wa woga tuliouona Jamhuri umepikwa ofisini, kocha amepakua tu.

Na kufukuza kocha si bure. Mkataba ukivunjwa mtu analipwa, asipolipwa anakwenda FIFA, na FIFA huifungia klabu kusajili mpaka ilipe. Mashabiki wa nchi hii tumeyazoea mambo hayo, klabu zetu kubwa na ndogo zimeonja adhabu hiyo. Mimi ninachotaka kujua ni jumla. Tangu tuanze mtindo huu wa kubadili makocha, fidia zimegharimu kiasi gani? Mwaka 2021 Azam Media na shirikisho letu la soka, TFF, walitiliana saini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Wapo wadhamini wa kifuani, mgongoni na mkononi, mpaka nafasi ya mimi kubandika namba inakuwa ya kubahatisha. Fedha zipo. Ni ngapi zinaishia kwa watu walioondoka?

Swali hilo nilimpa mwenyekiti wa tawi letu alipokwenda kwenye mkutano mkuu Dar es Salaam. Akarudi na fulana. Taarifa ya fedha, anasema, ilisomwa haraka, mwenye swali akaambiwa muda umekwisha, chakula tayari. Tunaambiwa klabu ni mali ya wanachama, na kwenye mabadiliko ya umiliki Serikali ilielekeza wanachama wabaki na asilimia 51. Asilimia 51 gani hiyo isiyoruhusiwa kuuliza maswali mawili kabla ya wali?

Nadhani kiburi hiki kinatokana na jambo moja: hawana wa kumwogopa. Zamani mikoa ilikuwa inauma. Mseto ya Morogoro, majirani zetu hapo, walibeba ubingwa mwaka 1975. Tukuyu Stars wakabeba 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa Sugar wakachukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tangu Azam ilipobeba msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi, kombe limekuwa likizunguka kati ya majengo mawili ya Kariakoo. Kiongozi anajua akikosa nafasi ya kwanza atapata ya pili, na akipata ya pili atasema amehujumiwa. Kwa hiyo mpira mbovu haumgharimu kitu. Sisi tutanuna Jumapili, Jumatano tumerudi na vuvuzela. Hilo nalisema dhidi yetu wenyewe, maana mashabiki nasi tukishinda derby moja tunasahau madeni ya msimu mzima.

Vijana wetu tunawaweka wapi? Agosti 2025 tuliandaa CHAN pamoja na Kenya na Uganda, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani tu. Taifa Stars ikaongoza kundi lake, ikafika robo fainali, ikatolewa kwa bao moja na Morocco, ambao ndio waliokuja kuwa mabingwa. Sikuona aibu hata dakika moja. Hao ni vijana wa ligi hii hii. Mwaka 2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwenye ardhi yetu, na mimi natazama benchi la klabu yangu naona kijana wa Kitanzania anapasha misuli moto dakika tisini nzima, haingii uwanjani, anavaa fulana ya mazoezi anapanda basi. Wageni wazuri tunawapenda, nimebandika majina yao magumu bila kukosea herufi hata moja. Ila mgeni aliyeletwa kukaa jukwaani na kiatu kipya, huyo nani alimtazama kabla hajasajiliwa?

Ninachoomba kwa uongozi hakihitaji mwekezaji mpya. Kocha aliyepo apewe msimu mzima, na usajili ujao ufanywe na yeye akiwa chumbani, tuambiwe wazi nani alipendekeza nani. Taarifa ya fedha itumwe kwenye matawi kabla ya mkutano, si kusomwa siku ya mkutano. Tuna watu hapa tawini wanaofanya kazi za hesabu maofisini kila siku, wataisoma mistari yote, watawasaidia hata kuirekebisha. Na mje Dodoma. Zamani mlisema njia ni ndefu. Treni ya SGR inatufikia tangu 2024. Mtu anapanda Dar asubuhi, mchana yuko hapa anakula kuku Area D, usiku amelala kwake. Mnapokuja na timu mnashukia hotelini na kwa waheshimiwa, hasa Bunge likiwa linaendelea. Jukwaa kuu mnaliona. Mzunguko hamjawahi kuja kukaa, na mzunguko ndio ulionunua jezi.

Msemaji naye apumzike kidogo. Anajua kuchekesha, na mimi huwa nacheka. Lakini tukiuliza kwa nini tunacheza hivi, akajibu kwa kutania wapinzani, anatuona watoto. Kuwatania wapinzani tunajua wenyewe, kibandani kwangu wanataniana kutwa nzima bila kulipwa.

Uchaguzi wa tawi letu uko karibu. Mwenyekiti nimempa tena maswali yale, safari hii kwa maandishi na kwa nakala: fidia za makocha ni kiasi gani, nani anasajili, na lini uongozi utakutana na matawi ya Kanda ya Kati. Wanachama wenzangu wamesaini chini. Mkutano mkuu ujao akirudi na majibu tutampa kipindi kingine. Akirudi na fulana, kura yangu anajua inakokwenda, na wenzangu wa tawini wanasema hivyo hivyo.

Mama Jezi,
Majengo, Dodoma.