Geneviève mnamuonea bure

Bwana Mhariri,

Nimesoma ile barua ya msomaji wa Kadutu juu ya filme ya Wafaransa Les Parapluies de Cherbourg, ati Geneviève ni msaliti kwa kuolewa na mwingine wakati mpenzi wake Guy yuko vitani, Guy njo wa kuhurumiwa, na nyimbo zake zinachosha, nikaona hapana, hapa siwezi kunyamaza.

Kwanza huyo binti hata miaka 18 hajafikisha. Guy ana 20, fundi wa garaji, mwaka 1957 serikali inamuita jeshini miaka miwili aende Algeria, vita ambayo hakuichagua, anaondoka anamuacha na mimba bila hata kujua. Barua zinakuja moja moja sana. Na nyumbani mama ana madeni, duka la miavuli linataka kufungwa, anaenda kuuza mkufu wake, na anayeununua ni Roland Cassard, mfanyabiashara wa almasi, mwenye pesa na adabu, naye akimuona tu binti anampenda. Sasa niambieni, hiyo hatuijui hapa Bukavu? Kijana anaenda kuchimba dhahabu Kamituga, simu haipiti tena, na mashangazi wanaanza, huyo harudi, na fulani anakuulizia, usichezee bahati, kila siku hivyo mpaka mtoto wa watu anachoka. Anachoka, hajaacha kupenda!

Na kitu ambacho ndugu yetu amekiruka kabisa: Geneviève hakumficha Roland. Roland alijua mimba si yake, akakubali mtoto awe wao wote wawili. Usaliti uko wapi hapo? Guy mwenyewe anarudi 1959 akichechemea mguu, anakunywa, anagombana kazini, halafu anamuoa Madeleine, dada mzuri sana aliyekuwa anamuuguza shangazi ya Guy, na hakuna mtu anamuita msaliti. Mwanamke njo anahesabiwa. Pale mwisho, Desemba 1963, theluji inaanguka kwenye stesheni ya petroli ya Guy, Geneviève amemleta binti yao ndani ya gari, anamuuliza kama anataka kumuona, Guy anakataa. Mimi hapo nilimkasirikia Guy kabisa, ijapo naelewa ana bibi na mtoto.

Kuhusu nyimbo kwamba zinachosha, sikubali. Kweli hakuna neno hata moja la kusemwa, kila kitu kinaimbwa, hata habari za petroli na madeni, muziki ni wa Michel Legrand, na sauti si za Catherine Deneuve na Nino Castelnuovo tunaowaona, waliimba Danielle Licari na José Bartel. Lakini kwa sababu mama naye anaimba anapogombeza, unasikia woga wake, huwezi kumchukia. Jacques Demy, aliyeiongoza filme hii, alipewa tuzo kubwa ya tamasha la filme la Cannes 1964 na alistahili.

Ninaomba wale wanaoonyesha filme kwenye makartie, mitaani kwetu, na kutafsiri kwa mdomo wasiongee wakati hii inaendelea. Iko na sehemu tatu, kuondoka, kutokuwepo, kurudi, waeleze kidogo mbele ya kila sehemu kwa wasiojua Kifaransa, halafu waiache iimbe. Na ndugu yangu wa Kadutu aje akae mbele, aangalie vizuri sehemu ya pili, kisha aniandikie hapa gazetini Geneviève angefanya nini.

Msomaji wenu,
Ibanda, Bukavu