Shukrani kwa mzee wa chumba cha nyaraka

Mzee wangu, shikamoo. Jina lako sikulichukua, na pengine hupendi litajwe, lakini shukrani hizi ni zako.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika habari za mradi wa karanga wa Kongwa, kule Dodoma, ule ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 ukavunjwa 1951. Niliomba jalada la mradi, wewe ukaniletea na daftari la mvua. Ukaweka kidole kwenye safu ya inchi, ukasema: "Mwanangu, usiandike kwamba jua lilikuwa kali. Andika mvua ilikatika lini." Maneno hayo yamebeba sura nzima. Msomaji sasa anauona udongo wa mfinyanzi ukikauka na kukaza, karanga zikigoma kung'oka, na matrekta, mengine yakiwa ni vifaru vya vita vilivyogeuzwa, yakihangaika na mizizi ya pori lile. Sikupamba kitu, kila jambo lina karatasi yake.

Karatasi zilipoishia, ulinielekeza kwa wazee ambao baba zao walifyeka pori hilo. Ukanionya nisiwatungie mazungumzo: nikikosa maneno yao, nieleze kazi ya mikono yao. Hapo ndipo ninapokushukuru zaidi, maana kishawishi cha kumwekea marehemu maneno mdomoni ili simulizi inoge ni kikubwa mno.

Makala imetoka. Nakala yako nimeiacha mapokezi, kwenye bahasha ya kaki. Asante sana, Mzee. Mungu akuzidishie afya.