Potwe wa Mafia hayuko mnakowapeleka watu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme machache juu ya makala mliyoichapa kuhusu kisiwa chetu cha Mafia. Mwandishi wenu ametusifia bahari, mchanga na pweza wa nazi, na sifa tumezipokea kwa mikono miwili. Lakini kuna mambo mawili ameyaweka kombo, na la tatu, ambalo ni ile picha, ndilo lililonifanya nimkalishe mjukuu wangu aniandikie haya kwenye simu yake.

Mimi ni nahodha wa hapa Kilindoni. Nilianza bahari utotoni kwenye mashua ya mjomba, tukivua dagaa kwa mtando, na sasa msimu ukifika nachukua wageni kwenda kumwona potwe, yule papa mkubwa mpole mwenye madoa. Sina cheti cha utalii. Nina leseni ya chombo, na maji yale nayajua.

La kwanza ni mahali. Makala inasema potwe wako ndani ya Hifadhi ya Bahari, kwenye Ghuba ya Chole. Hifadhi ipo kweli, na tunajivunia. Ilitangazwa mwaka 1995, ikawa ya kwanza ya bahari Tanzania, na ina kilomita za mraba 822. Ila hiyo imeshika kusini na mashariki: Utende, Chole, Juani, Jibondo na miamba inayozunguka huko. Potwe tunaowapeleka wageni kuwatazama wako upande wa pili kabisa, magharibi, mbele ya Kilindoni, bahari inayotazamana na bara kwenye midomo ya Mto Rufiji. Ukitoka pwani yetu asubuhi maji yakiwa shwari, mara nyingine hata moto wa mashine haujakolea umeshamwona.

Na yuko pale kwa sababu ya chakula. Rufiji unashusha maji yake yenye rutuba, uduvi wanazaliana, dagaa wanafuata uduvi, wavuvi wanafuata dagaa, na potwe naye anakuja karamuni. Samaki mkubwa kuliko wote duniani anakula vitu ambavyo mama zetu wanaanika kwenye jamvi. Uduvi wakiwa wengi anasimama wima ndani ya maji, mkia chini, mdomo juu, anavuta maji kwa mafunda makubwa mpaka unasikia sauti yake ukiwa chomboni. Mbele ya mdomo wanaogelea kolekole wadogo wa manjano, na tumboni wamegandana chazo. Wengi wa hapa kwetu ni madume machanga, mita 5, 6, wengine 8. Wakubwa wao wanapita mita 12.

Msimu uliopita alinijia baba mmoja kutoka Morogoro na mkewe na watoto. Walikuwa wamefikia Utende, wamekaa pwani wanangoja potwe apite mbele ya hoteli, kwa kuwa ndivyo walivyosoma mahali. Waliniona siku yao ya mwisho. Tulimpata mmoja tu, tena wa mbali, na yule mtoto wa mwisho alilia mpaka tunafika ufukweni kwa sababu potwe alizama yeye akiwa bado anavaa miwani. Kwa hiyo ndugu zangu, ukitaka potwe, lala Kilindoni au panga gari ikulete Kilindoni alfajiri. Utende nenda kwa matumbawe, ambayo ni mazuri mno.

Suala la mpaka si la ramani tu. Ndani ya hifadhi kuna geti, kuna ada, kuna askari wa hifadhi, kuna nyavu zilizokatazwa. Huku magharibi, asubuhi nyingi niwapo pale sioni afisa yeyote. Tuko manahodha, wavuvi wa dagaa na wageni wetu, basi. Potwe anatutegemea sisi.

Hapa niwatetee wavuvi kidogo, maana kwenye magazeti mvuvi ni mharibifu siku zote. Potwe anaingia ndani ya mtando mara kwa mara, kwa kuwa anakimbilia uduvi na dagaa walewale tuliowazungushia. Akiingia, hakuna anayetaka kumdhuru. Kwanza nyama yake hatuna habari nayo, pili akichachamaa anaondoka na wavu mzima, na wavu ni mtaji wa watu wengi. Wanachofanya vijana ni kuishusha kamba ya maboya upande mmoja, wawili watatu wanaruka majini na kuikandamiza kwa miguu, mpaka yule bwana aone njia na apite juu yake taratibu. Dagaa nao wanapita hapohapo. Nimeona mashua ikipoteza nusu ya samaki wa usiku kwa kumtoa potwe mmoja, na aliyewashukuru hakuwapo. Mwandishi wenu akirudi Mafia, naomba alale usiku mmoja baharini na watu hawa.

La pili ni wakati. Makala inasema "mwaka mzima". Potwe tunamwona kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, na kaskazi ikishatulia ndiyo raha yenyewe. Kusi ikiingia bahari ya hapa inachafuka, naye haonekani juu. Wazee wetu walikuwa wakisema amekwenda Bara Hindi. Kumbe wapi! Wataalamu walimfunga vifaa vinavyotoa sauti chini ya maji, wakagundua kwamba wengi hawaendi mbali. Wanasogea kwenye kina kirefu na kuondoka karibu na pwani, lakini Mafia wapo. Kwa hiyo mwandishi anaweza kusema hakukosea, potwe wapo mwaka mzima. Mgeni aliyelipa nauli ya Julai hatamwelewa.

Wa Julai nao wana chao, na hili makala imeliruka kabisa. Miezi ya kusi ndiyo ya kwenda Juani kutazama mayai ya kasa yakianguliwa. Wapo walinzi wa kijijini, wanafanya kazi pamoja na shirika la Sea Sense, wanaolijua kila shimo na tarehe yake. Kasa anafukia mayai mia na zaidi kwenye mchanga, na baada ya siku 55 mpaka 60 vitoto vinatoka. Unakaa umechutama, unaona mchanga unatitia kidogo katikati, kisha pua moja nyeusi, kisha ghafla shimo lote linachemka. Vinakwenda majini vyenyewe, vikipinduka kwenye nyayo za watu. Mlinzi atakwambia usimbebe hata mmoja, na umsikilize.

Ukiwa huko usirudi bila kupita Kua, mji wa kale uliovamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Misikiti imebaki kuta, na mizizi imeshika kuta. Halafu kuna Chole yenyewe, kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu, wanakounda mashua kwa mikono na wanakolala popo wakubwa. Popo hawa wananishangaza mpaka leo. Jamii yao iko Komoro na hapa kwetu, bara hawapo. Mchana wananing'inia mtini wakijipepea kwa mbawa na kugombana kama abiria wa daladala, jua likizama wanaondoka kwa makundi kwenda kutafuta matunda upande wa kisiwa kikubwa. Maji yakipwa sana unaweza kuvuka kutoka Chole mpaka Juani kwa miguu. Lakini muulize mtu wa hapo saa ya kurudi. Maji ya bamvua yakianza kujaa hayamsubiri mgeni amalize kupiga picha.

Viboko wa Mafia sitaki kuwaeleza sana, maana watu wataanza kuwatafuta usiku. Wapo wachache, kwenye mabwawa ya ndani, na inasemekana mababu zao waliletwa na mafuriko ya Rufiji. Mnara wa taa wa Ras Mkumbi, kule Bweni, ulijengwa na Wajerumani mwaka 1892, na barabara ya kwenda huko ni ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Mwenye siku mbili tu aache.

Sasa picha. Mmechapa, kwa rangi, kijana ameshika pezi la mgongoni la potwe, anacheka, miguu imenyooka nyuma kama anayevutwa na pikipiki. Chini yake mmeandika kwamba potwe ni mpole. Ni mpole kweli, na huo upole ndio unaomponza. Hana la kufanya akishikwa isipokuwa kuzama, na akizama ameacha kula. Wageni wa vyombo vingine waliofika asubuhi ileile wanabaki wanatazama maji matupu. Kibaya zaidi, kila mtu aliyeiona picha ile anakuja na picha yake kichwani.

Siku chache baada ya gazeti lenu kufika hapa nilikuwa na kundi la vijana kutoka Dar es Salaam. Binti mmoja, mchangamfu, mwenye adabu, akaniuliza, "Babu, mbona hutupeleki mbele yake? Pale mbele ndiyo tutamshika vizuri."

Nikamwambia, "Mwanangu, nikikuweka mbele ya mdomo wake atageuka. Akigeuka, mkia ndio utakaokupiga. Mkia ule una urefu wako."

"Lakini kwenye gazeti yule kaka kashika."

Unamjibu nini mtoto huyo, Mhariri? Kwake gazeti ni gazeti. Nilizima mashine, nikawashusha ubavuni, nikawaambia wabaki mita 3 au 4 kutoka mwilini na zaidi ya hapo kutoka mkiani, wasipige maji kwa miguu kama wanafua. Potwe hakutujali. Akaendelea kula, akapita, akarudi, akapita tena. Walipopanda chomboni binti alikuwa anatetemeka kwa baridi na hawezi kusema, anaonyesha tu kwa mikono upana wa ule mdomo.

Naomba basi mambo mawili kwenu. Picha za mtu ameshika potwe, kasa au pweza wa watu, msizichape tena, hata kama mpiga picha ni rafiki wa gazeti. Na mkitaka picha nzuri, waambieni wasomaji wapige ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, hapo kwenye madoa. Madoa ya kila potwe ni yake peke yake, hakuna wawili wanaofanana, na watafiti wanayatumia kumtambua huyu ni nani na alionekana lini. Picha ya namna hiyo inapigwa bila kumgusa, na ina faida.

Kwa wasomaji mnaokuja msimu huu, nawaomba mnisaidie kazi. Sisi manahodha tuko wengi, na si wote tuna subira. Kuna asubuhi nimehesabu vyombo vinane vimemzingira samaki mmoja, kila mmoja anamsogelea kwa mashine, kwa sababu abiria wake anapiga kelele "twende karibu, twende karibu!" Nahodha anamsikiliza anayelipa. Kwa hiyo kabla hamjapanda, muulizeni: utazima mashine ukimkaribia? Tukikuta vyombo vingine, tutangoja zamu? Utashusha watu wangapi kwa mara moja? Akijibu kwa kucheka, shukeni, tafuteni mwingine. Ombi hilo likitoka kwa abiria lina nguvu kuliko semina.

Na kwa wenzangu wa bara mnaodhani Mafia ni ya wazungu: kipo kivuko kutoka Nyamisati, nauli yake si ya ndege. Wageni wa nje wanavuka dunia nzima kumwona samaki huyu, na wewe wa Kibiti hujaja kumtazama, naye yuko nyumba ya jirani. Njoo Novemba au Desemba, njoo na kofia na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea nayo, upunguze kujipaka mafuta ya jua kabla ya kuingia majini. Chukua pesa taslimu ya kutosha, mtandao wa simu unapokatika hapa hata wakala wa miamala anakaa kimya. Na bei ya chombo patana na nahodha mwenyewe ufukweni, usimpatie dalali wa stendi.

Wenu,
Nahodha wa chombo cha wageni,
Kilindoni, Mafia